Spoila ya nyuma kwenye sedani: tepu, gundi au bolti?

Spoila, yaani bawa au ukingo unaoongezwa nyuma juu ya buti, haing'oki barabarani kwa sababu tepu ni dhaifu. Hung'oka kwa sababu tepu ilibandikwa juu ya waksi, au kwa sababu spoila yenyewe haikulala sawasawa kwenye mlango wa buti, ikawa inajivuta usiku na mchana mpaka ikashinda. Bolti nazo hushika miaka mingi, huku bati likioza taratibu pembeni mwake. Kwa hiyo usiulize ipi inashika zaidi, maana zote zinashika. Uliza kosa la kila njia hujitokeza lini, na kulirekebisha kunataka nini. Kosa la tepu utaliona ndani ya wiki. Kosa la bolti utaliona baada ya misimu miwili ya mvua, rangi ikishavimba.

Njia zinazolinganishwa hapa ni tatu: tepu ya pande mbili yenye povu la akriliki, gundi ya poliurethani (ile ile inayobandika vioo vya mbele vya magari), na bolti zinazopita kwenye bati la buti.

Kwanza itazame spoila yenyewe

Spoila ya mdomo hulala mwanzo hadi mwisho kwenye ukingo wa buti. Kimo chake ni milimita 20 hadi 50, na nyingi hazifiki kilo 1.5. Spoila ya miguu ni bawa lililonyanyuliwa juu ya miguu miwili au mitatu, na hewa hupita chini yake. Hii ya pili ni ya bolti, hakuna mjadala. Kwa mwendo wa kilomita 120 kwa saa shinikizo la hewa ni kama paskali 680. Bawa la mita 1.2 lenye upana wa sentimita 15, likiwa linafanya kazi kweli, linaweza kusukumwa kwa nguvu sawa na uzito wa kilo 12 hivi, na mwendo ukiongezeka maradufu nguvu hiyo huwa mara nne. Kilo 12 si mzigo wa kutisha. Taabu ni kwamba hewa hiyo hiyo hulivuta bawa kwenda nyuma, na mguu mrefu hufanya kazi ya mtaimbo: ukingo wa mbele wa mguu unanyanyuliwa kila gari linapokimbia. Tepu hustahimili mzigo uliotandazwa. Adui yake ni kubanduliwa kuanzia ukingoni, kama mtoto anavyobandua stika.

Baada ya umbo, angalia imetengenezwa kwa nini. Plastiki ya ABS hutanuka kwa joto mara sita au saba zaidi ya chuma. Spoila ya ABS ya mita 1.2, ikitoka kwenye baridi ya alfajiri hadi jua kali linaloongeza nyuzi 50 kwenye bati, inataka kurefuka kulizidi bati kwa milimita 4 hivi, yaani 2 kila upande ukihesabu kutoka katikati. Tepu ya povu yenye unene wa milimita 1.1 huruhusu mwendo huo, kwa kuwa hunyumbulika kwa ubavu hadi mara tatu ya unene wake bila kuachia. Bolti iliyokazwa kwenye tundu lililobana hairuhusu. Ndiyo maana spoila za ABS zilizofungwa kwa bolti bila nafasi hupata nyufa za rangi karibu na bolti za mwisho, na mwenyewe akalaumu rangi. Fiba (plastiki iliyotiwa nyuzi za kioo) hutanuka kidogo kuliko ABS, kwa hiyo bolti hazisumbuani nayo sana. Tatizo la fiba ni jingine: mara nyingi hutoka kiwandani ikiwa imejipinda kidogo.

Jaribu hivi kabla hujanunua tepu wala biti ya drili. Weka spoila kavu juu ya buti bila kuikandamiza, kisha pitisha kadi ya benki chini yake, upande wa kushoto, katikati na kulia. Kadi hiyo ina unene wa milimita 0.76. Kanuni ya tepu ni kwamba unene wake uwe angalau mara mbili ya pengo, kwa hiyo tepu ya 1.1 inaweza kumeza pengo la nusu milimita tu. Kadi ikipenya, ama utafute tepu nene zaidi ama urekebishe spoila. ABS ambayo haijapakwa rangi hupashwa kwa hewa ya moto kutoka mbali, ikilainika kidogo ikashikiliwa kwenye umbo la buti mpaka ipoe. Fiba haikubali hivyo. Husagwa kwa msasa upande wa chini, mahali palipotuna.

Wengi huiruka hatua hii, kisha wanabonyeza spoila iliyojipinda kwa nguvu mpaka ishike. Itashika siku hiyo. Ncha zake zitaanza kunyanyuka mchana wa kwanza wenye jua kali.

Tepu

Kwa spoila ya mdomo inayolala vizuri, tepu ndiyo jibu la kawaida, na hesabu yake inatuliza moyo. Watengenezaji hushauri sentimita za mraba 55 za tepu kwa kila kilo moja ya mzigo wa kudumu. Mistari miwili ya tepu ya milimita 12 kwenye urefu wa mita 1.2 ni sentimita za mraba 288, sawa na kilo 5 na ushei. Spoila yako ina kilo moja. Mstari mmoja ukae karibu na ukingo wa mbele, mwingine karibu na wa nyuma, na ule wa nyuma uachwe wazi milimita 10 mahali pawili au patatu ili maji yatoke. Usiivute tepu unapoilaza. Tepu iliyovutwa hurudi kwenye urefu wake wa asili na kuacha ncha tupu.

Kazi yenyewe ni usafi. Osha kwa sabuni, kausha, kisha futa kwa alkoholi ya isopropili iliyochanganywa na maji nusu kwa nusu. Tumia vitambaa viwili: kimoja kibichi cha kufuta, kingine kikavu cha kufuata nyuma kabla alkoholi haijakauka yenyewe, la sivyo grisi inayeyuka kisha inatua pale pale. Petroli huacha mafuta. Thina inakula rangi. Kama tepu inakwenda kwenye plastiki tupu isiyopakwa rangi, paka praima ya tepu (kipakwa cha kwanza kinachosaidia tepu kushika) ukanda mwembamba na uiache ikauke. Baada ya hapo usiguse kwa vidole.

Kuweka mahali pake ndiko kunakotia watu jasho, maana tepu hii ikigusa haikupi nafasi ya pili. Pima katikati ya buti na katikati ya spoila, weka alama kwa tepu ya karatasi, na weka alama nyingine kwenye ncha zote mbili. Kisha usibandue karatasi yote ya kinga. Bandua sentimita 5 tu kila mwisho, ikunje itokeze nje kwa pembeni kama ulimi, halafu ilaze spoila juu ya alama. Bado inateleza, bado unaweza kuisogeza. Ikikaa sawa, msaidizi aibane katikati kwa kiganja, nawe uvute ule ulimi polepole, karibu kabisa na bati, ukielekea nje na si juu. Ukivuta kwa pupa karatasi hukatika ndani, na kuichomoa kwa kibanio chini ya spoila iliyokwisha shika upande mmoja ni adhabu.

Sasa kandamiza. Tepu hii inahitaji kama kilo moja kwa kila sentimita ya mraba, ambayo ni gumba lililokazwa kweli. Pita kila sentimita 5, hesabu hadi 10, songa mbele, na ncha zipitie mara mbili. Bati liwe na joto la nyuzi 21 hadi 38. Chini ya 10 gundi ni ngumu mno, haitambai kwenye rangi. Kwenye bati lililochomwa na jua la mchana hushika papo hapo na kukunyima nafasi ya kurekebisha. Kwenye joto la kawaida tepu hufikia nusu ya nguvu yake baada ya dakika 20, asilimia 90 baada ya saa 24, na nguvu yote baada ya saa 72. Siku hizo tatu gari lisioshwe kwa mashine ya presha. Zibane ncha kwa tepu ya karatasi usiku wa kwanza.

Kikwazo kimoja kinachosahaulika ni rangi ya gari. Tepu haishiki gari, inashika rangi. Kama buti lilipakwa rangi upya juu ya msingi mbovu, tepu itakaa kwenye rangi na rangi itang'oka kwenye bati. Na kama rangi ni mpya, iache mwezi mzima kwanza, kwa sababu viyeyusho vinavyoendelea kutoka ndani yake hudhoofisha gundi kutoka chini. Hilo linahusu pia spoila uliyopeleka kwa fundi rangi wiki iliyopita.

Gundi ya poliurethani

Njia hii husifiwa kupita kiasi. Sifa yake ya kweli ni kujaza pengo: milimita 2 hadi 5 ambazo tepu haiwezi, yenyewe inazifunika. Lakini hukauka kwa unyevu wa hewa kuanzia nje kwenda ndani, takriban milimita 3 kwa siku, kwa hiyo utepe mpana uliobanwa chini ya spoila huchukua siku kadhaa. Muda wote huo spoila inateleza kwenye mteremko wa buti, na utalazimika kuizuia kwa tepu za karatasi au vipande vya tepu ya povu. Gundi inayotokeza nje huchafua rangi. Ifute ikiwa bado mbichi kwa spiriti nyeupe, maana ikishakauka ni wembe tu. Jua nalo hulila taratibu lile tumbo la gundi linaloonekana nje.

Mahali pake hasa ni kusaidia bolti kwenye spoila ya fiba, kwa kujaza sehemu ya katikati isiyokaa vizuri. Ikitumika peke yake kwenye spoila ya mdomo, unapata uchafu wa gundi, na ukitaka kuitoa unapata shida kubwa kuliko ya tepu.

Bolti

Vua kwanza kitambaa cha ndani cha buti uone mwenyewe. Mlango wa buti ni mabati mawili: la nje lenye unene wa milimita 0.7 hadi 0.8, na la ndani lenye mbavu na matundu. Angalia kama nati itafikika kupitia tundu lililopo. Isipofikika, utatoboa bati la ndani kwa upana wa milimita 25 ili soketi ipite, kisha utaziba kwa kizibo cha mpira. Sogeza nyaya. Weka sumaku kwenye bati: isiposhika, huenda ni alumini, na bolti ya chuma ikikaa wazi juu ya alumini pamoja na maji ya chumvi, alumini ndiyo itakayoliwa. Hapo washa ya nailoni (kile kipete cha chini ya bolti) na mpira wa kutenganisha si hiari.

Alama za matundu hazipatikani kwa kukisia. Funika eneo kwa tepu ya karatasi, ingiza bolti kwenye spoila, paka ncha zake rangi ya mdomo, kisha ishushe spoila mahali pake wima bila kuiburuta. Nukta nyekundu ndizo matundu. Zipime kutoka kingo za buti pande zote mbili kabla ya kuziamini. Upande mmoja ukizidi milimita 3, rudia.

Gonga alama kwa msumari wa chuma kigumu, kidogo tu, bati ni jembamba. Anza na biti ya milimita 3, kisha panua kwa biti ya ngazi (inayopanuka hatua kwa hatua) hadi 8 au 9 kwa bolti ya M6, yaani ya kipenyo cha milimita 6. Ule upana wa ziada ndio nafasi ya ABS kutanuka. Zungushia biti tepu ukibakiza milimita 10 za ncha, kwa sababu bati la nje likiachia ghafla drili hudumbukia, na bati la ndani hupata tundu usilolitaka. Chenga za chuma zifyonzwe au zikusanywe kwa sumaku. Usizipanguse kwa mkono wala kitambaa: zitakwaruza rangi, na zile zilizobaki ndani zitaota kutu kwa mvua ya kwanza na kuchora mistari ya hudhurungi.

Kisha ile hatua inayoamua kila kitu. Toa ukali wa ukingo kwa biti kubwa ukiizungusha kwa mkono, paka praima ya epoksi au ya zinki kwa brashi ndogo, juu, chini na kwenye ukingo wenyewe wa tundu, mara mbili, halafu rangi. Iache ikauke kwa muda ulioandikwa kwenye kopo. Tundu lililotobolewa na kufungwa siku hiyo hiyo bila praima ndilo linalovimba baadaye, na kwa kuwa kutu huanzia chini ya mguu wa spoila, utaiona ikiwa imeshatambaa.

Kuzuia maji, weka mpira chini ya mguu na utepe wa butili (mpira laini unaonata) au silikoni kuzunguka kila bolti. Inusa silikoni kabla ya kuipaka. Inayonuka siki hutoa asidi inapokauka, na asidi hiyo huchokoza kutu pale pale unapojaribu kuizuia. Tafuta ile isiyo na harufu ya siki.

Kukaza ni nyutoni mita 4 hadi 5, washa pana ya milimita 25 ndani, nati yenye nailoni, ukipokezana bolti moja moja. Simama mpira ukishabonyea nusu. Ukizidisha, bati la nje huzama na kutengeneza kidimbwi kinachoonekana jua likiwa la pembeni, na bati hilo halirudi. Kwenye fiba kosa la kukazia ni jingine: nati iliyozikwa ndani ya spoila hung'oka kwenye gundi yake na kuanza kuzunguka, bolti haiingii wala haitoki. Zijaribu zote mezani kabla hujaipandisha spoila. Mwisho mwagia maji kwa dakika 5 huku umetandaza karatasi za shashi ndani ya buti. Doa moja tu linatosha kufungua na kuanza upya mpira ule.

Kwa ufupi wa jedwali

| | Tepu | Gundi | Bolti |
|---|---|---|---|
| Spoila inayofaa | Ya mdomo, ABS | Fiba isiyokaa vizuri, pamoja na bolti | Ya miguu, fiba nzito |
| Pengo linalovumilika | Nusu ya unene wa tepu | Milimita 2–5 | Hutegemea mpira |
| Kazi ya mikono | Saa 1–2 | Saa 2, na tepu za kuizuia | Siku nzima pamoja na rangi |
| Kusubiri | Saa 72 | Siku kadhaa | Praima na silikoni zikauke |
| Kosa la kawaida | Waksi, ncha kunyanyuka | Kuteleza, uchafu | Kutu, maji ndani, bati kuzama |

Uzito na taa

Spoila ya fiba ya miguu inaweza kufika kilo 3 hadi 5, nazo hukaa mwisho kabisa wa mlango, mbali na bawaba. Fito za springi au shokapu za buti hazikupangiwa hilo. Kabla ya kutoboa chochote, ifunge spoila kwa muda kwa tepu ya karatasi na kamba, fungua buti, uachie polepole. Likishuka lenyewe, panga shokapu zenye nguvu zaidi kwenye hesabu ya kazi hii, kwa sababu mlango huo utamwangukia mtu kichwani akiwa ameinama.

Spoila isizibe taa ya juu ya breki. Kaa mita kumi nyuma, kimo cha dereva wa gari dogo, na mtu akanyage breki. Kama spoila ina taa yake, waya wake unahitaji tundu lake lenye mpira hata ukitumia tepu, kwa hiyo ile faida ya kutotoboa imekwisha. Toboa chini ya spoila, si pembeni, paka praima kama kawaida, na uuachie waya mkunjo wa akiba karibu na bawaba, maana ndipo hukatika. Taa za LED zina chanya na hasi. Zikigoma kuwaka, geuza nyaya kabla ya kuzitupa.

Uchague ipi

Spoila ya mdomo ya ABS, rangi ya kiwandani, kadi haipenyi: tepu, na usiongeze bolti eti kwa usalama. Bolti mbili za mwisho kwenye ABS iliyobandikwa tepu huibana isitanuke, na kukuongezea matundu mawili ya kutunza. Ya mdomo kwenye buti lililopakwa rangi usiyoijua historia yake: bandika kipande cha tepu ya povu cha sentimita 5 mahali pasipoonekana, kiache siku tatu, kisha kibandue. Kikitoka na rangi, buti hilo linahitaji fundi bodi kabla ya spoila. Ya fiba yenye miguu: bolti, na kama ni ndefu na katikati inacheza, gundi kidogo pale. Huna drili ya kutegemewa wala praima? Basi spoila ya miguu isubiri.

Siku ya kuitoa

Tepu hupashwa kwa draya ya nywele mpaka ilainike, kisha hukatwa kwa mshipi wa kuvulia samaki ukiuvuta kama msumeno kutoka ncha moja. Mabaki ya povu husukumwa kwa gumba yakawa vidonge, na yaliyobaki hulainishwa kwa spiriti nyeupe. Chini yake utakuta ukanda wa rangi mpya kuliko rangi ya jirani yake. Kwenye gari la miaka mingi hauondoki kwa kusugua, ni polishi ya buti zima.

Gundi hukatwa kwa waya mwembamba wa chuma, wenye vishikio viwili, na watu wawili. Mara nyingi rangi hutoka nayo.

Bolti hutoka kwa dakika kumi na kuacha matundu manne. Vizibo vya mpira huzuia maji, ila vinaonekana. Kuyaficha kabisa ni kuchomelea bati, kusaga, fila na kupaka mlango mzima wa buti, kwa sababu kiraka cha rangi katikati ya mlango huonekana hata kwa mgeni.